Kutoka Oli hadi Koboko: Kunasa Sauti Pikipikini Bila Kumezwa na Upepo

Mji wa Arua umekaa juu ya uwanda wa Nile ya Magharibi, katika mwinuko wa mita 1,200 hivi, jirani kabisa na mpaka wa Kongo. Ulianzishwa na Waingereza mwaka 1914, wakati eneo hili lilipotolewa Sudani na kutiwa katika Uganda. Kabla ya hapo, hadi mwaka 1910, lilikuwa mkononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Tangu tarehe 1 Julai 2020 Arua imepewa hadhi ya jiji. Lakini mgeni ajuaye Kiswahili hafikirii sana habari za hadhi wala za wafalme. Yeye huuliza jambo moja tu: ni wapi atakapopata watu wa kuzungumza nao? Naye huelekezwa Oli.

Oli ni mtaa wa biashara, wa misikiti na wa nyumba zilizokaribiana. Katika siku za manispaa, jina lake lilibebwa na tarafa nzima, River Oli, nayo Arua Hill ilikuwa tarafa ya pili. Humu Mlugbara, Mkakwa, Mwaringa, Mwalur na Mnubi huishi mlango kwa mlango, na kila mmoja ana lugha ya kwao. Wanubi ni kizazi cha askari waliokuwa chini ya Emin Pasha, yule gavana aliyeweka makao yake Wadelai, ukingoni mwa Nile, katika miaka ya 1880. Lugha yao, Kinubi, imetokana na Kiarabu cha kambini, ikapata umbo lake yenyewe. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote sokoni. Kilifika kwa njia ya jeshi na ya biashara, na mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa la Uganda. Serikali hiyo ilianguka mwaka 1979, lakini Oli haikuacha kukisema.

Penye lugha nyingi pana masimulizi mengi. Nyumbani kwa Mnubi mgeni hukaribishwa kahawa yenye tangawizi, na ukutani huona makawa ya rangi yaliyosukwa kwa mikono ya akina mama. Hapo ndipo mazungumzo huanza. Wazee wa Oli wanayo kumbukumbu ambayo haimo katika vitabu vya shule: nani alikaa nyumba ipi, nani alifunga duka siku gani, na njia ipi ilishikwa wakati watu walipouhama mji. Wazee hao wanapungua mwaka hadi mwaka. Kwa sababu hiyo vijana kadhaa wa mtaa wameanza kunasa sauti zao kwa simu za mkononi, na kazi hiyo ni njema. Katika kazi hiyo ndimo lilimozuka jambo ambalo makala haya yanataka kulieleza.

Bibi mmoja wa Oli, aliyepita sasa umri wa miaka sabini, alikuwa mama kijana mwaka 1980. Mwezi Oktoba mwaka huo askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka na kuingia Nile ya Magharibi. Jeshi jipya la serikali lilipoirudi nchi, lililipiza kisasi kwa raia. Mji wa Arua uliteketezwa, na watu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudani. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 1981, waliokimbilia misheni ya Ombaci karibu na Arua waliuawa humo humo walimotafuta hifadhi. Bibi huyo alishika njia ya Koboko akiwa na mtoto mgongoni, akavuka mpaka, na hakurudi Oli ila baada ya miaka kadhaa.

Mjukuu wake, kijana mwenye pikipiki, alimwomba mara nyingi amsimulie habari za safari ile. Kila alipoulizwa akiwa nyumbani, bibi alijibu kwa maneno machache: "Tulikwenda, tukafika, tukarudi. Nini zaidi?" Lakini siku walipokwenda Koboko kwenye arusi ya jamaa, wakapita njia ile ile, bibi alianza kusema mwenyewe bila ya kuulizwa. Kila kijito na kila mwembe ulimkumbusha neno. Mjukuu akatambua kwamba kumbukumbu ya bibi imo barabarani, wala haimo sebuleni. Kwamba atakayeitaka sharti aifuate huko huko ilikolala.

Basi safari iliyofuata walitoka na simu iliyowashwa kinasa sauti, nayo maikrofoni ndogo ya waya imebanwa kwenye ushungi wa bibi, ndani ya helmeti. Walipofika na kusikiliza, kilichosikika kilikuwa mngurumo mtupu kama maji ya maporomoko. Hapa na pale neno moja lilichomoza, kisha likazama. Usemi wa saa nzima ulikuwa umemezwa.

Hasara ya namna hii haiwapati watu wa Oli peke yao. Huwapata watangazaji wa redio wanaotembea kwa pikipiki, mabwana shamba wanaotaka kujisemea taarifa zao njiani, na vijana wanaopiga picha za safari. Katika Arua, ambako pikipiki ndiyo gari la kila mtu, na ambako kituo kama Radio Pacis kimekuwa kikitangaza kwa lugha kadhaa za wenyeji tangu mwaka 2004, sauti iliyonaswa vizuri ni mali. Kwa hiyo, ndugu msomaji, inafaa tujue upepo hufanya nini ndani ya helmeti, kisha tujue namna ya kuuzuia kwa vitu vilivyomo nyumbani.

Upepo si sauti, ingawa hugeuka kuwa sauti

Sauti ya mtu ni mawimbi madogo yanayopita hewani. Hewa yenyewe haisafiri kutoka kinywa hadi sikio. Hutikisika tu mahali pake na kusukuma hewa ya jirani. Upepo ni kinyume cha hayo. Upepo ni hewa inayosafiri yenyewe, tena kwa vurugu, ikijizungusha kama maji ya mto yanapokutana na jiwe. Hewa hiyo ikigonga kiwambo cha maikrofoni, ambacho ni utando mwembamba kama ngozi ya ngoma ndogo sana, huusukuma utando kwa nguvu kubwa kuliko sauti ya mtu yeyote. Mashine haina akili ya kutenga msukumo wa usemi na msukumo wa upepo. Huandika yote.

Nguvu ya msukumo huo haiongezeki sawasawa na mwendo. Huongezeka kwa kipeo cha pili. Pikipiki inayotoka kilomita 20 kwa saa na kufikia 40 huzidisha msukumo wa upepo mara nne. Ikifikia 60 huuzidisha mara tisa. Ndiyo maana mtu aliyejaribu chombo chake akizunguka taratibu mtaani Oli huridhika nacho, kisha akashangaa kusikia ngurumo tupu baada ya kushika barabara kuu.

Jambo la pili la kujua ni mahali upepo unapoingilia. Wengi hudhani kwamba huingia kwa mbele, penye kioo. Kwa kweli, katika helmeti iliyofunika uso mzima, mlango mkubwa upo chini, baina ya kidevu na shingo. Hewa hupanda kutoka kifuani, ikaingia kwa pengo hilo na kuzunguka kinywani na masikioni. Mlango wa pili ni matundu madogo ya kupozea yaliyo kwenye kidevu cha helmeti. Tena abiria asifikiri kwamba amekingwa kwa kuwa mgongo wa dereva uko mbele yake. Hewa iliyokatwa na dereva hufika kwa abiria ikiwa imevurugika zaidi, na hewa ya vurugu ina kelele kuliko hewa iliyonyooka.

Jambo la tatu ni aina ya kelele yenyewe. Sehemu kubwa ya kelele ya upepo ni sauti nene, ya chini sana. Sauti ya mwanamume wa kawaida huanzia kwenye mitikisiko 100 hivi kwa sekunde, na ya mwanamke kwenye 200 hivi. Na sehemu ya usemi inayotuwezesha kutofautisha neno na neno imo juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo upepo na usemi havikukaa chumba kimoja kabisa. Vinagusana mlangoni, na mwenye busara anaweza kuvitenga.

Namna ya kutayarisha helmeti na chombo

Mjukuu wa bibi alitafuta ushauri kwa fundi wa simu na kwa kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya redio. Yafuatayo ndiyo waliyoyakubali, nayo yanalingana na elimu ya sauti ilivyo.

Kwanza, helmeti iwe ile inayofunika uso mzima, nayo imkae mvaaji barabara. Ile kofia nusu inayovaliwa na madereva wengi wa bodaboda haina kidevu, na hivyo haina mahali pa kuficha maikrofoni. Tena haiukingi uso. Kwa vyovyote mtu asitoboe helmeti wala asichonge povu gumu la ndani ili kupitisha waya. Povu hilo ndilo linalopokea kishindo cha ajali badala ya fuvu. Uchunguzi wa kitabibu uliojumlisha tafiti nyingi na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendeshaji waliopata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi. Elimu hiyo ilianza na daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomhudumia T. E. Lawrence alipoanguka na pikipiki mwaka 1935 na kufa. Mwaka 1941 alichapisha uchunguzi wake juu ya askari waendesha pikipiki. Sauti ya bibi ina thamani, lakini kichwa cha bibi kina thamani zaidi. Waya upitishwe chini ya kitambaa laini cha ndani, ambacho katika helmeti nyingi huweza kufunguliwa na kurudishwa.

Pili, maikrofoni iwe karibu na kinywa. Kila umbali unapopunguzwa kwa nusu, msukumo wa sauti ya msemaji kwenye kiwambo huongezeka mara mbili, ilhali upepo haupati faida hiyo. Sentimita mbili kutoka mdomoni ni bora mara nne kuliko sentimita nane. Hata hivyo isiwe mbele ya mdomo moja kwa moja. Pumzi ya mtu nayo ni upepo, na herufi kama "p" na "b" hutoa mpumuo unaopiga kiwambo kama kofi. Mahali pazuri ni pembeni mwa kinywa, ndani ya kidevu cha helmeti, pakiwa pamekingwa na mto wa shavu. Ibandikwe kwa plasta ya dukani.

Tatu, maikrofoni ivikwe nguo. Hapa ndipo penye siri yenyewe. Kipande cha sponji huruhusu mawimbi ya sauti kupita, lakini huichosha hewa inayosafiri. Hewa huingia katika vijitundu vingi, ikagawanyika na kupoteza mbio zake kabla ya kukifikia kiwambo. Sponji ya godoro kuukuu yafaa, mradi iwe ile inayopitisha pumzi. Ijaribu kwa kuiweka midomoni na kuipuliza: pumzi ikipita kwa shida kidogo, ni nzuri, isipopita kabisa, itaziba na usemi pia. Kata donge la ukubwa wa limau dogo, litoboe katikati kwa mkasi mwembamba, na uiingize maikrofoni ndani. Usiibane sana. Nafasi ya hewa tulivu iliyobaki ndani ya donge ndiyo ngome. Kwa hiyo donge kubwa hushinda donge dogo, kwa kadiri helmeti itakavyoruhusu.

Penye upepo mkali zaidi, juu ya sponji huvikwa manyoya. Manyoya bandia ya mwanasesere wa mtoto yanatosha. Nywele hizo huyumba zikiondoa nguvu ya hewa pole pole, pasiwe na ukingo mkali wa kuzusha vurugu. Akina mama wa Oli wenye mkono mwepesi wa kusuka makawa hawakupata taabu kushona kifuko kama hicho. Bibi mwenyewe alikishona cha kwake. Mfuko wa nailoni usitumike kamwe, kwa kuwa haupitishi sauti na hutoa mchakacho.

Nne, ziba mlango wa chini. Kitambaa chepesi kizungushwe shingoni kikijaza pengo baina ya kidevu na kifua, bila ya kumkaba mtu, na ncha zake zote zichomekwe ndani ya nguo. Neno hili la ncha si la mapambo. Isadora Duncan, mcheza dansi mashuhuri wa Marekani, alikufa mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1927 kwa sababu shela yake ndefu ilinaswa na gurudumu la gari alilopanda. Mnyororo wa pikipiki hauna huruma kuliko gurudumu hilo. Hali kadhalika kanga, ushungi na pindo la gauni vikazwe kabla ya kuondoka. Kisha kioo cha helmeti kifungwe, na matundu ya kidevuni yafungwe wakati wa kunasa. Kioo kikianza kufanya ukungu, matundu yafunguliwe kidogo.

Tano, chagua maikrofoni ya namna ya kawaida, inayosikia pande zote. Wauzaji hupenda kusifu zile zinazosikia upande mmoja tu, na kwa kweli ni nzuri ukumbini. Lakini zile huhisi upepo zaidi, kwa kuwa kiwambo chake kiko wazi kwa mbele na kwa nyuma. Kile kidude kidogo cha kubana kolani, kinachopatikana madukani kwa bei nafuu, chafaa zaidi kwa kazi hii. Kwa mwenye kofia nusu iko njia nyingine, nayo ni maikrofoni ya kooni, iliyotumiwa na marubani na askari wa vifaru katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hiyo hugusa ngozi ya shingo na kupokea mtetemo wa koo, haipokei hewa. Kasoro yake ni kwamba herufi kama "s", "sh" na "f" huundwa mdomoni, si kooni, na hivyo husikika hafifu.

Sita, kinasa sauti kisiwekwe katika kiwango cha juu. Upepo ukijaza chombo mpaka ukingoni, kilele cha sauti hukatwa, na kilichokatwa hakiungwi tena na fundi yeyote. Simu nyingi hujipunguzia usikivu zenyewe zinaposikia kelele. Upepo ukivuma, usemi nao hushushwa. Panapo uwezekano wa kuzima usaidizi huo, uzimwe, na kiwango kiwekwe cha wastani. Chombo chenye kichujio cha sauti nene kiwashiwe kichujio hicho: mitikisiko iliyo chini ya 80 kwa sekunde iondolewe kwa mwanamume, na iliyo chini ya 120 au 150 kwa mwanamke. Kazi hiyo huweza kufanywa hata baadaye katika kompyuta. Lakini kichujio husaidia sauti iliyokwisha kingwa, hakifufui iliyokufa.

Saba, waya ufungwe vizuri na simu izungushiwe kitambaa katika mfuko wa ndani, ili mtetemo wa injini usipande.

Mwisho, jaribio. Nasa nusu dakika injini ikiwa imezimwa. Kisha injini ikiwaka pikipiki imesimama. Kisha kwa mwendo wa kilomita 20. Kisha kwa 40. Sikiliza kila kipande peke yake. Kelele ikianza pamoja na injini kabla ya kuondoka, shida ni mtetemo, rekebisha waya. Ikiongezeka kwa mwendo na kubadilika unapogeuza kichwa, ni upepo, rekebisha sponji na shingo. Ikiwa ni mchakacho wa hapa na pale, ni nguo inayosugua. Anayejua adui yupi amempiga hatapoteza sponji yake kumpigania asiyehusika.

Barabara yenyewe

Safari ya tatu ilifanywa asubuhi, kabla ya upepo wa mchana kuamka. Mjukuu aliendesha, bibi akapanda nyuma, kila mmoja na helmeti yake. Maikrofoni ilikuwa kwa bibi peke yake. Dereva hakupewa kazi ya kuhoji, wala hakugusa simu, maana macho na akili yake ni mali ya barabara.

Kutoka Arua hadi Koboko ni mwendo wa kilomita 55 hivi. Barabara hii ni sehemu ya ile inayotoka Vurra, mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, mkabala wa Kaya ya Sudani Kusini. Jumla yake ni kilomita 92 hivi, nayo ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Zamani ilikuwa ya vumbi jekundu. Pande zote mbili ni nchi ya Walugbara: mashamba ya muhogo na tumbaku, vichuguu, miembe, mikalitusi, na nyumba za msonge zilizofagiliwa uwanja. Mbele zaidi, baada ya kupita Maracha, lugha ya masoko hubadilika pole pole kutoka Kilugbara kuwa Kikakwa.

Walikwenda kwa mwendo wa kilomita 35 hadi 40, bila ya kuzidi. Huo ndio dawa ya kwanza ya upepo, nayo haina bei. Bibi alisema alipotaka, akanyamaza alipotaka. Penye daraja moja dogo alimgonga mjukuu begani, naye akasimamisha pikipiki na kuzima injini. Kimya kilipoingia, maikrofoni ile ile ya helmetini ilinasa maneno haya kwa uwazi kamili: "Hapa ndipo tulipolala usiku wa kwanza. Nilimziba mtoto mdomo kwa kiganja ili asilie. Ndiye baba yako huyo."

Kijana hakuwahi kuyasikia maneno hayo, wala baba yake hakuwahi kuambiwa.

Hapo pana funzo kwa kila anasaye sauti za wazee. Vifuko vya sponji na manyoya vilisaidia usemi wa njiani usipotee, ukasikika kwa uchovu kidogo lakini neno kwa neno. Hata hivyo neno zito lilihitaji kusimama. Yafaa kutumia usemi wa mwendoni kama ramani: unaonyesha mahali gani pana jambo, na hapo mtu husimama, huzima injini, na kusikiliza kwa adabu.

Koboko ni mji wa mpakani, karibu na pale Uganda, Kongo na Sudani Kusini zinapokutana. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu, na mpaka uliochorwa na wageni haukuwatenganisha katika arusi wala katika misiba. Mwaka 1980 watu wa Uganda walipita hapa wakikimbilia Sudani. Tangu mwaka 2013, na hasa baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, mkondo umegeuka: watu wa Sudani Kusini wamepita hapa hapa wakikimbilia Uganda, na kambi ya Bidibidi katika wilaya ya jirani ya Yumbe, iliyofunguliwa Agosti 2016, imepokea zaidi ya watu laki mbili. Bibi alipowaona akina mama wa Sudani Kusini sokoni wakipanga mboga, aliwasalimu kwa Kinubi, nao wakamwitikia kwa Kiarabu cha Juba, lugha ndugu na hiyo. Wakaelewana. Mazungumzo yale nayo yalinaswa, kwa idhini yao, na hayakuhitaji sponji.

Neno juu ya masikio na juu ya kuhifadhi

Upepo unaoharibu sauti iliyonaswa huharibu pia masikio ya anayeusikia. Wataalamu wa afya ya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa nane kuwa mpaka wa usalama, na kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua kwa nusu. Yaani desibeli 94 ni za saa moja tu. Vipimo vilivyofanywa ndani ya helmeti katika mwendo wa barabara kuu vimepita desibeli 100. Dereva wa bodaboda anayeshinda barabarani kutwa nzima na ajikinge kwa kitambaa cha shingoni, kioo kilichofungwa, mwendo wa wastani, na vizibo laini vya masikio vinavyopunguza kelele bila ya kumzuia kusikia honi.

Ama sauti yenyewe, isiachwe katika simu moja. Simu huibiwa, huanguka majini, hufutwa na watoto. Kila mara baada ya safari, nakala mbili zifanywe na kuwekwa nyumba mbili tofauti, na kila moja isemewe mwanzoni jina la msemaji, mahali, na tarehe. Msemaji aulizwe kabla kama anaridhia, na aulizwe tena baada ya kusikiliza. Bibi wa Oli aliposikilizishwa usemi wake aliomba sehemu moja ifutwe, kwa kuwa ilimtaja mtu ambaye watoto wake wangali hai mtaani. Ilifutwa mbele ya macho yake. Sehemu ya darajani aliagiza ibaki, na akataka mwanawe aitwe aje kuisikiliza.